Kivinjari ni Zana: Maoni juu ya Mandhari na Viendelezi

Katika somo la njia za kufundishia, mwanachuo huambiwa mapema kwamba zana haichaguliwi kwa uzuri wake bali kwa kazi yake. Chati iliyopakwa rangi saba, ambayo mtoto wa dawati la nyuma hawezi kuisoma, si zana bali ni pambo la ukuta. Kanuni hiyo twaikubali sote inaposemwa juu ya chati, kadi za maneno, ramani na vihesabio vya vizibo vya chupa. Lakini ikifika zamu ya kompyuta twaisahau. Mwanachuo anayejua kupima ukubwa wa herufi zake ubaoni kwa hatua za miguu huketi mbele ya kivinjari na kutumia jioni nzima akichagua picha ya machweo ya jua ya kupamba sehemu ya juu ya skrini, kisha akaongeza viendelezi kumi asivyovihitaji, na asubuhi akaingia darasani akiamini kuwa ameandaa zana.

Maoni yetu katika makala haya ni kwamba kivinjari ni zana ya kufundishia kama nyingine, na kwamba mwalimu ana haki, tena ana wajibu, wa kukirekebisha kifae kazi yake. Ila marekebisho hayo yana daraja mbili zisizolingana kabisa, na anayezichanganya huweza kuwadhuru watoto ambao amekabidhiwa.

Wazo lenyewe la kumwachia mtumiaji akibadilishe kivinjari chake si geni. Firefox toleo la 1.0 lilipotolewa tarehe 9 Novemba 2004, lilitolewa likiwa jepesi kwa makusudi, likiwa na nafasi ya kila mtu kuongeza akitakacho. Chrome ilifuata Septemba 2008, na mwanzoni mwa mwaka 2010 nayo ikafungua mlango kwa viendelezi. Hoja ya watengenezaji ilikuwa ya busara: hapana kiwanda kiwezacho kushona shati moja likamtosha kila mtu. Mwenye uoni hafifu ahitaji herufi kubwa, mfasiri ahitaji kamusi ya karibu, naye mwenye mashine dhaifu ahitaji wepesi. Kwa mwalimu hoja hii haina ugeni wowote. Kazi yake ya kila siku ni kuchukua muhtasari ulioandikwa kwa nchi nzima na kuurekebisha uwafae watoto arobaini au tisini walio mbele yake.

Sasa tuzitenganishe hizo daraja mbili. Ya kwanza ni mandhari, yaani rangi na picha zinazovikwa fremu ya kivinjari. Ya pili ni viendelezi, yaani programu ndogo zinazoingizwa ndani ya kivinjari ili kukiongezea uwezo. Wanachuo wetu waliokwisha kutembea katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo wameiona milango ya nakshi. Nakshi hupendeza, humtambulisha mwenye nyumba, wala haimfungulii mtu. Hiyo ndiyo mandhari. Kiendelezi ni jambo jingine: ni kumchongeshea mtu ufunguo wa mlango huo, akaingia na kutoka apendapo, hata usiku mwenye nyumba akiwa amelala. Mtu huyo aweza kuwa fundi mwaminifu. Lakini hapana mtu atoaye ufunguo kwa sababu tu ya kupendezwa na nakshi.

Tuanze na hilo jepesi. Mandhari haina hatari ya usalama ya kuzungumzia, lakini ina hasara na faida za kimafunzo. Vyumba vingi vya madarasa huku pwani vina madirisha mapana yasiyo na vioo wala mapazia, na saa nne asubuhi mwanga hujaa ndani. Ukitumia projekta katika chumba kama hicho huku kivinjari kikiwa na mandhari meusi, picha humezwa na mwanga na mtoto wa nyuma haoni ila kiza kilichopauka. Hapo mandhari meupe yenye maandishi meusi ndiyo yafaayo. Usiku, mwalimu anapoandaa somo chini ya taa hafifu, mandhari meusi huyapumzisha macho yake, naye na ayatumie bila kuona haya. Zana ileile, saa mbili tofauti, mahitaji mawili tofauti.

Zaidi ya rangi, kuna marekebisho yaliyomo ndani ya kivinjari chenyewe ambayo wengi huyapita wakikimbilia mapambo. Kukuza maandishi kwa kubonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha, hata kufikia asilimia 150 au 200, ni msaada mkubwa kuliko mandhari yoyote. Hali ya kusomea, inayoondoa matangazo na vitu vya pembeni na kubakiza habari yenyewe, imo katika Firefox na katika Chrome pasipo kuongeza kitu. Ukurasa unaofunguka kila unapoanzisha kichupo kipya aghalabu huja umejaa vichwa vya habari za kandanda, za mahakamani na za waimbaji. Watoto wa Darasa la Tatu wanaojua kusoma watasoma vyote kabla mwalimu hajatamka neno, na somo limekwisha kutekwa nyara. Uzimwe. Mwambaa wa alamisho unaoonyesha mambo binafsi ya mwalimu ufichwe. Twashauri kwamba mwanachuo ajifunze kupunguza kabla ya kujifunza kuongeza.

Lakini jambo ambalo twalitilia mkazo kuliko yote katika sehemu hii ni lugha. Shule zetu nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na bado kompyuta za shule hizo huachwa zikizungumza Kiingereza, kana kwamba ndivyo zilivyozaliwa. Kazi ya kuzizungumzisha Kiswahili ilikwisha kuanza zamani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Leo hii Chrome ina Kiswahili ndani yake, na kukichagua ni kazi ya dakika mbili katika mipangilio ya lugha. Akishafanya hivyo mwalimu ataona vichupo, alamisho, vipakuliwa na mipangilio. Tena tovuti nyingi hukiuliza kivinjari ni lugha gani mwenyewe anaipendelea. Zile zenye Kiswahili zitajifungua kwa Kiswahili.

Wako wenzetu wanaopinga. Wao husema kwamba mtoto atakutana na Kiingereza cha kompyuta huko mbele, kwa hiyo heri akizoee mapema. Hoja hii twaiheshimu, ila haitushawishi. Mtoto anayejifunza tendo jipya kwa maneno asiyoyajua hujifunza mahali pa kubonyeza, si maana ya tendo. Siku kitufe kikihamishwa amepotea. Akikwisha kuelewa kwamba alamisho ni alama iwekwayo ili kurudi mahali, kama ukindu unaowekwa katikati ya msahafu, neno la Kiingereza la jambo hilo atalipata kwa siku moja. Twakiri kwamba baadhi ya tafsiri zilizomo ni ngumu au zimenyooshwa kupita kiasi, na mwanachuo atakunja uso hapa na pale. Ugumu huo hupungua kwa kutumiwa.

Kuna dosari moja ya lugha inayostahili aya yake. Kivinjari kikiachwa na ukaguzi wa tahajia wa Kiingereza, kila neno la Kiswahili linaloandikwa katika kisanduku hupigiwa mstari mwekundu. Mtoto aandika "mwanafunzi", mstari mwekundu. Aandika "Bagamoyo ni mji wa pwani", na karibu sentensi nzima ni nyekundu. Sasa tukumbuke sisi walimu tumemfundisha nini mtoto huyo kuhusu wino mwekundu tangu Darasa la Kwanza. Wino mwekundu ni kosa. Mashine yamwambia kwamba lugha ya mama yake na ya darasa lake ni makosa matupu, na kwa kuwa ni mashine, yeye huiamini kuliko amwaminivyo mwalimu. Tumewaona watoto wakifuta neno sahihi na kulijaribu upya mara tatu, nne, wakilitafutia umbo ambalo mstari ule ungeliridhia, na umbo hilo halipo. Tiba ni rahisi: ukaguzi huo uzimwe, au iwekwe kamusi ya tahajia ya Kiswahili pale ambapo programu inaipokea. LibreOffice, kwa mfano, inayo. Mwanachuo atakayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha na kurekebisha jambo hili moja tu katika kompyuta za shule atakuwa ametenda zaidi ya mwenzake aliyebandika mandhari ishirini.

Tuje kwenye viendelezi. Hatusemi kwamba vyote ni vibaya. Viko vinavyozuia matangazo, jambo lenye thamani kwa mwalimu anayenunua bando kwa fedha yake na asiyetaka watoto waonyeshwe kamari. Viko vinavyosoma maandishi kwa sauti, vinavyopiga picha ya ukurasa mzima, vinavyofafanua neno la Kiingereza unapoligusa. Mwalimu aliyepata kiendelezi kimoja chema anakitambua kama seremala anavyotambua randa yake.

Tatizo lipo katika ruhusa. Kabla hakijaingia, kiendelezi hueleza kinataka kufanya nini, na vingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yote ya mtumiaji katika tovuti zote azitembeleazo. Wanachuo huyapita maneno haya kama msafiri anavyoyapita maandishi madogo nyuma ya tiketi ya basi. Twawasihi wayasome tena, neno kwa neno. Kusoma. Kubadilisha. Yote. Zote. Maana yake ni kwamba kila kinachoonekana katika kivinjari hicho, kiendelezi nacho chaweza kukiona: barua, ukurasa wa benki, na kila kitakachoandikwa ndani ya kisanduku.

Hapo mtu huuliza: mwalimu wa shule ya msingi ana siri gani? Anazo, na nyingi si zake. Kwa kivinjari hichohicho shule huingia katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani la Tanzania, ambamo mna majina na kumbukumbu za wanafunzi. Kwa kivinjari hicho mwalimu huingia katika mfumo wa watumishi wa umma kujaza utendaji wake wa kazi. Mtoto wa Darasa la Nne hajaulizwa na mtu kama yu radhi jina lake lipitie mikononi mwa kiendelezi cha kubadilisha rangi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezihesabu taarifa zinazohusu watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Kwa hiyo jambo hili si la adabu tu, ni la sheria pia.

Tutoe mifano miwili iliyotokea, maana vitisho visivyo na mifano havimfunzi mtu. Kulikuwa na kiendelezi kiitwacho Stylish, ambacho kazi yake ilikuwa kubadilisha sura za tovuti: rangi, herufi, picha za nyuma. Kwa maneno mengine, kilikuwa chombo cha mapambo. Kilipendwa sana, kikafikia watumiaji takribani milioni mbili. Kikapita mikononi mwa wamiliki wapya. Mwaka 2018 ikabainika kwamba kilikuwa kikikusanya orodha ya kurasa walizozitembelea watu hao na kuipeleka kwa wenyewe, na Julai mwaka huo kikaondolewa katika maduka ya viendelezi ya Chrome na Firefox. Mtu alitaka ukurasa wake uwe na rangi ya bahari, akalipa kwa kumwonyesha asiyemjua kila mlango aliobisha.

Mfano wa pili unatugusa karibu zaidi kwa sababu ya hali ya mashine zetu. The Great Suspender kilikuwa kiendelezi cha kuvilaza vichupo visivyotumika ili kompyuta yenye kumbukumbu ndogo isielemewe. Hicho ndicho hasa ambacho mwalimu mwenye kompyuta ya msaada iliyochoka angekitafuta, na kwa miaka mingi kilifanya kazi yake kwa uaminifu. Mwaka 2020 mtengenezaji wake alikiuza. Mnunuzi hakujitambulisha waziwazi, watu wakaanza kuona mabadiliko yenye mashaka, na Februari 2021 Google ilikiondoa na kukizima ikisema kina programu hasidi. Nacho kilikuwa na watumiaji wapatao milioni mbili au zaidi. Waliokuwa na vichupo vilivyolazwa waliamka wakakuta vimepotea. Siku hizi Chrome yenyewe ina njia ya kuvipumzisha vichupo, bila kumpa mtu mwingine ufunguo.

Jambo la kujifunza katika mifano hii ni hili: wote walioviweka mwanzoni walichagua vyema. Viendelezi vile vilikuwa vizuri siku vilipowekwa. Kwa kuwa viendelezi hujisasisha vyenyewe kimyakimya, fundi uliyempa ufunguo aweza kuuza ufunguo huo kwa mtu mwingine, na mlango wako usigundue tofauti. Kwa hiyo shauri la kwamba "chagua kilicho maarufu chenye nyota nyingi" halitoshi. Nyota zile zilitolewa kwa mwenyewe wa kwanza.

Kutokana na hayo, baadhi ya wakuu wa shule hukata shauri la kupiga marufuku kila kitu. Twaona hilo nalo ni kosa, tena la kimafunzo. Mwalimu aliyekatazwa kugusa mipangilio hatagundua hata namna ya kukuza herufi, na mtoto mwenye uoni hafifu ataendelea kukaza macho. Marufuku huzaa pia ujanja, kwani mwalimu kijana atatumia kompyuta yake binafsi, yenye viendelezi vyake vyote, kuingiza alama za darasa zima. Heri kujenga mazoea kuliko kuweka kufuli.

Mazoea tunayoyapendekeza si mengi. Kazi ya kufundishia na kazi ya kumbukumbu za shule zitengwe katika wasifu mbili tofauti za kivinjari, na ule wa kumbukumbu usiwe na kiendelezi hata kimoja. Mwalimu akilazimika kuingia katika mfumo wa shule kwa kompyuta ya mtu mwingine, afungue dirisha la mgeni: humo viendelezi vya mwenye kompyuta havifanyi kazi, na likifungwa historia haibaki. Kiendelezi kinachohitajika kweli kiwekewe mpaka ili kifanye kazi pale tu kinapobonyezwa au katika tovuti moja iliyotajwa. Chrome inaruhusu jambo hilo katika ukurasa wa maelezo ya kiendelezi.

Walimu wenye vishikwambi, vikiwamo vile vilivyogawiwa baada ya kutumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, wana nafuu ambayo pengine hawaijui. Chrome ya kawaida ya Android haipokei viendelezi, kwa hiyo sehemu kubwa ya hofu tuliyoieleza haiwahusu. Firefox ya Android hupokea, na tangu Desemba 2023 milango yake imepanuliwa, basi atakayeitumia ashike tahadhari zilezile. Kwa vyote viwili, ukubwa wa herufi na mandhari ya mwanga au ya giza vinapatikana bila kuongeza chochote.

Pengine tukumbushe, kwa kuwa shauku ya mitambo hutupeleka mbali, kwamba si kila somo lahitaji kivinjari. Mwalimu aliyeko Sumbawanga akifundisha juu ya miji ya kale ya pwani hana budi kuwaonyesha watoto picha za Magofu ya Kaole, msikiti wake na makaburi yake ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za kauri kutoka Uchina. Na hapo herufi kubwa, ukurasa usio na matangazo na maelezo ya Kiswahili vitamfaa sana. Lakini mwalimu aliyeko Bagamoyo mjini ana Kaole kilomita zipatazo 5 tu. Yeye awachukue watoto wakaende.

Limebaki jambo la leja. Kila shule ina leja ya vifaa, ambamo jembe, mpira na katoni ya chaki huandikwa siku vilipoingia. Kiendelezi kilichowekwa katika kompyuta ya shule ni kifaa kilichoingia shuleni, nacho kiandikwe humo: jina lake, tarehe, mwalimu aliyekiweka, ruhusa kilizoziomba, na somo kilichowekewa. Mwisho wa kila muhula mwalimu wa TEHAMA afungue orodha ya viendelezi katika kila kompyuta na kuilinganisha na leja. Kisichoandikwa kiondolewe siku hiyohiyo. Kilichoandikwa lakini hakuna mwalimu anayekumbuka kilitumika lini, kiondolewe pia. Wanachuo watakaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha muhula ujao wanaweza kuianzisha kazi hii katika shule watakazopangiwa, wakiomba kwanza idhini ya mwalimu mkuu. Ukurasa mmoja wa leja watosha kwa miaka kadhaa.